Ubongo wa Mdudu na Zahanati za Visiwani

Mjadala wa akili mnemba, hapa Mwanza kama kwingineko, hutawaliwa na sifa ya ukubwa: kompyuta kubwa, data nyingi, umeme usio na kikomo. Naona kipimo hicho hakiwafai wakazi wa Ziwa Victoria, kwa sababu kazi tunazozihitaji zaidi, kama vile kumtambua mbu hatari au kusoma kioo chenye tone la damu chini ya hadubini, hufanyika katika zahanati za Ukerewe, Kome na visiwa vingine ambako mtandao si wa kutegemewa. Utafiti wa hisi za wadudu umeanza kuonyesha kwamba kutambua kitu kwa usahihi hakudai ubongo mkubwa.

Oktoba 2024, jarida la Nature lilichapisha ramani kamili ya ubongo wa nzi wa matunda aliyekomaa: seli za neva 139,255 na viunganisho takribani milioni 50 kati yake. Binadamu ana seli za namna hiyo zinazokaribia bilioni 86. Hata hivyo, kwa mtaji huo mdogo nzi huruka, hutafuta chakula, huchagua mwenzi na hukumbuka harufu iliyowahi kumletea madhara. Ni kweli kwamba ramani yenyewe isingepatikana bila akili mnemba iliyochambua mamilioni ya picha za hadubini, na kazi yake ikasahihishwa baadaye na mamia ya watu. Kompyuta kubwa basi ina kazi yake, ila si lazima iwe ndiyo tunayoipeleka kisiwani.

Kinachonivutia zaidi ni namna nzi anavyopanga harufu. Mwaka 2017, Sanjoy Dasgupta, Charles Stevens na Saket Navlakha walieleza katika jarida la Science kwamba taarifa za harufu hupita kwenye njia zipatazo 50, kisha husambazwa kwa seli 2,000 hivi, na kila moja kati ya hizo husikiliza njia sita tu ambazo ni kama zimechaguliwa kwa kura. Halafu seli moja ya kuzuia huzinyamazisha karibu zote, zikabaki asilimia 5 zilizosisimka zaidi, na hizo chache ndizo zinazokuwa alama ya harufu hiyo. Harufu zinazofanana hupata alama zinazofanana, kwa hiyo nzi aliyejifunza kuiepuka moja huwa tayari kuziepuka ndugu zake. Wataalamu wa kompyuta walikuwa wamezoea kwenda kinyume, yaani kuzipunguza taarifa kabla ya kuzilinganisha. Utaratibu wa nzi ulipojaribiwa kwenye hifadhi za picha, ulipata vitu vinavyofanana kwa usahihi zaidi kuliko njia ile iliyozoeleka.

Tukija kwa mbu, jambo linagusa ngozi zetu moja kwa moja. Huko Macha, Zambia, watafiti walijenga kizimba chenye ujazo wa mita 1,000 za ujazo, wakaingiza humo hewa kutoka kwenye mahema walimolala watu sita, na matokeo yao ya mwaka 2023 yalionyesha kwamba Anopheles gambiae, mbu anayeeneza malaria, huwachagua wanaotoa kwa wingi asidi fulani za ngozi. Wale tunaoambiwa kila masika kwamba tuna damu tamu tunapaswa, nadhani, kuilaumu ngozi. Maarifa ya aina hii yalikwisha kufanyiwa kazi ndani ya ziwa letu hili, kwenye kisiwa cha Rusinga nchini Kenya, ambako ICIPE, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, na Chuo Kikuu cha Wageningen cha Uholanzi waliweka mitego yenye harufu inayoiga ya binadamu, ikiendeshwa kwa umeme wa jua. Ripoti ya mwaka 2016 katika The Lancet ilieleza kwamba maambukizi ya malaria yalikuwa pungufu kwa asilimia 29.8 miongoni mwa waliokuwa na mitego, ikilinganishwa na ambao hawajafikiwa.

Kuhusu nzige ambao ubongo wao, ukiunganishwa na nyaya, umeweza kutofautisha kwa harufu seli za saratani ya kinywa na seli zenye afya, sina haraka ya kushangilia. Seli za maabara ziko mbali na pumzi ya mgonjwa aliyepanga foleni hospitali ya Bugando. Nina imani zaidi na kazi iliyo karibu nasi. Watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara na wenzao wa Chuo Kikuu cha Glasgow humulika mbu kwa mwanga usioonekana, kisha kompyuta hukisia spishi na umri wake, na umri ni jambo zito kwa kuwa kimelea cha malaria huhitaji takribani siku kumi au zaidi kukomaa ndani ya mbu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, nao wameunganisha simu na hadubini ili programu itafute vimelea kwenye damu.

Ndiyo maana napendekeza kwamba wafadhili, na wizara pia, wasikubali chombo chochote cha akili mnemba kwa ajili ya afya ya Kanda ya Ziwa kabla hakijafanya kazi mwezi mzima kisiwani bila mtandao, kikitumia simu ya kawaida na kikiwa mikononi mwa mtaalamu wa maabara aliyepo pale pale.