Jua pekee haliondoi matege

Asanteni kwa makala, ila pale mnapowaambia wazazi kwamba mtoto mwenye matege dawa yake ni kuota jua tu, mmewaacha nusu ya njia. Vitamini D, inayousaidia mwili kufyonza kalsiamu (madini ya kujenga mifupa) kutoka kwenye chakula, hutengenezwa kwenye ngozi kwa jua, lakini hapo bado haijawa tayari kufanya kazi. Hupita kwanza kwenye ini, kisha figo ndizo huikamilisha, tena kwa amri: kalsiamu ikishuka kwenye damu, tezi nne ndogo za parathiroidi, zilizo shingoni, hutoa homoni inayozihimiza figo. Homoni hiyohiyo huchota kalsiamu mifupani na kupoteza fosifeti, madini mengine ya mifupa, kwenye mkojo. Basi mtoto anayecheza juani kutwa lakini chakula chake hakina kalsiamu, mwili wake unakopa mifupani kila siku.

Hili lilionekana wazi Jos, Nigeria, kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 1999. Jua huko si haba. Watoto wenye matege waliopewa kalsiamu, peke yake au pamoja na vitamini D, walipata nafuu kuliko waliopewa vitamini D tu.

Mama yangu mdogo ana ugonjwa wa figo, na majirani humhimiza akae juani. Inaniuma, maana figo zikichoka ile hatua ya mwisho haikamiliki. Ndiyo maana daktari humwandikia vitamini iliyokwisha kukamilishwa.

Tafadhali ongezeni aya kuhusu maziwa, ulezi na dagaa wanaoliwa na mifupa yao, na kwamba mtoto anayepinda miguu apimwe damu.