Kwa Nini Jumanne, Isiwe Jumamosi?

Kila maandamano yanapotangazwa jijini Nairobi, ushauri mmoja hurudi: anayelalamika asubiri Jumamosi, asiwaharibie wenzake siku ya kazi. Ushauri huo una uzito. Mchuuzi wa Moi Avenue hana mshahara wa mwisho wa mwezi. Akifunga kutwa kwa kuogopa mawe na vitoza machozi, jioni hana cha kupeleka nyumbani, na wenye maduka walioporwa wakati wa maandamano ya Juni 25, 2025 walipoteza hata mtaji. Aliyeajiriwa naye yuko njia panda, kwa sababu Katiba inampa haki ya kuandamana katika kifungu cha 37, ilhali Sheria ya Ajira ya 2007 inamruhusu mwajiri kumfuta papo hapo akikosa kazini bila ruhusa wala sababu halali. Kwake, haki hiyo huanzia kwenye fomu ya likizo.

Hata hivyo, vijana walioandamana mwaka 2024 kupinga kodi mpya hawakujichagulia siku ya kazi. Vikao vya kawaida vya Bunge la Taifa hufanyika Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Mswada wa Fedha wa 2024, uliobeba kodi hizo, ulipita hatua ya pili Alhamisi, Juni 20, kwa kura 204 dhidi ya 115, kisha hatua ya mwisho Jumanne, Juni 25, kwa kura 195 dhidi ya 106. Aliyetaka mbunge wake amsikie kabla ya kupiga kura angekwenda lini? Jumamosi angewakuta walinzi langoni, waheshimiwa wakiwa mashinani kwenye mazishi na harambee.

Malalamiko yale yale yalikuwa yamekwisha kutolewa mbele ya kamati ya fedha ya Bunge, kwa mdomo na kwa maandishi. Lakini ilikuwa Jumanne, Juni 18, vijana walipoingia barabarani kwa mara ya kwanza, ndipo ushuru wa asilimia 16 kwa mkate na kodi ya asilimia 2.5 kwa magari vilipoondolewa. Na Juni 26, siku moja baada ya waandamanaji kuingia bungeni, Rais Ruto akasema hatautia saini mswada huo. Gharama ya maandamano hayo haikuwa ya biashara peke yake: kufikia Julai 1, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu vifo 39.

Tena, Jumamosi ni siku ya nani? Karani hupumzika, lakini muuza mitumba wa Gikomba na kinyozi wa mtaani ndipo wanapotarajia wateja wengi. Kuhamishia maandamano huko kungeiokoa ofisi na kumtwika hasara mchuuzi yule yule anayetajwa kwa huruma. Isitoshe, Jumatatu ya Julai 7, 2025, siku ya maandamano ya Saba Saba, walioziba barabara kuu za kuingia jijini tangu alfajiri walikuwa polisi, na wafanyakazi wakarudishwa nyumbani kabla ya bango hata moja kuinuliwa katikati ya jiji.