Barafu ya kijivu si kosa la taa

Fungua albamu ya picha za mechi yoyote ya ridhaa ya hoki ya barafuni. Aghalabu utakuta barafu ina rangi ya majivu, nyuso zimezama gizani ndani ya helmeti, na mpigapicha anazilaumu taa za ukumbi. Taa zina makosa yake, nitayafikia. Ila ule ukijivu hautoki juu ya dari. Unatoka kwenye kamera iliyoachiwa ijipangie mwanga yenyewe.

Kipima mwanga hakijui barafu ni nini. Kinachukulia kwamba kilicho mbele yake kina mwanga wa wastani, kwa hiyo kikikutana na uwanja mweupe kinaona umezidi, kinapunguza. Wengine huongeza fidia ya mwanga, yaani huiamuru kamera izidishe mwanga, kati ya +2/3 na +1 1/3, na kweli barafu hutakata. Lakini wakipita wachezaji wanne wenye jezi nyeusi, kipimo kinayumba tena, na picha tatu za tukio moja zinatoka kila moja na mwanga wake. Ya nini mahangaiko haya? Ndani ya ukumbi hakuna wingu linalopita juani. Panga kwa mkono mara moja, basi.

Fanya hivyo timu zikiwa zinapasha misuli. Lenzi ifunguliwe f/2.8, shata iwe 1/800 ya sekunde, kisha pandisha ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) hadi barafu iwe nyeupe bila kuungua. Kwenye kumbi nyingi za ridhaa utaishia kati ya 3200 na 6400. Katika histogramu, ule mchoro wa mwanga wa picha kwenye skrini ya kamera, kilima cha barafu kikae karibu na ukingo wa kulia bila kuuparamia; ukiikuza picha ukaona mikwaruzo ya viatu juu ya barafu, hapo ndipo. Pima eneo utakalopiga hasa, kwa kuwa pembeni na nyuma ya magoli mara nyingi huwa na giza kuliko katikati.

Kwa watoto wadogo 1/500 inatosha. Kwa watu wazima nisingeshuka chini ya 1/800, na sababu ni hesabu tu: kisahani cha mpira, kile kinachopigwa kwa magongo, kikienda kilomita 100 kwa saa, ndani ya 1/500 ya sekunde kinasogea zaidi ya sentimita 5, ilhali upana wake ni sentimita 7.6. Kwa 1/1000 kinasogea chini ya sentimita 3, na bado kinatambulika kuwa kisahani.

Wanaoogopa chenga, zile punje punje zinazotokea ISO ikiwa juu, hubaki ISO 1600 wakidhani wataiinua picha baadaye kwenye kompyuta. Ni ubahili usio na faida. Ukiinua vivuli, chenga zile zile zinarudi, mara nyingi zikiwa mbaya zaidi, tena na madoa ya rangi. Chenga hupunguzwa na programu. Gongo lililogeuka ukungu halirudishwi na programu yoyote.

Sasa taa. Zile za umeme za zamani zenye gesi ndani hupepesa mara mbili kwa kila mzunguko wa umeme: mara 100 kwa sekunde penye hezi 50, mara 120 penye hezi 60. Jicho halioni, ila shata ya 1/1000 inanasa kipande kidogo tu cha mpepeso huo. Ndiyo maana picha moja inatoka safi, inayofuata ina umanjano, ya tatu ni nyeusi nusu chini. Kamera nyingi za sasa zina mpangilio wa kuzuia mpepeso, kama ule uliokuja na Canon EOS 7D Mark II mwaka 2014: kamera inasubiri taa ifike kileleni ndipo ifyatue. Kasi ya mfululizo inapungua kidogo, lakini hiyo ni gharama ndogo. Kama kamera yako haina, piga nne nne kwa mfululizo na uvumilie kutupa. Penye taa za LED, tumia shata ya mitambo, kwa kuwa ya kielektroniki huchora mistari ya mlalo.

Mizani ya rangi nyeupe, yaani mpangilio unaofanya cheupe kionekane cheupe, nayo usiiachie kamera. Ipime kwenye barafu yenyewe, lakini kwa shata ya 1/50 au 1/60 ili mzunguko mzima wa umeme uingie, na ISO ishuke isije barafu ikaungua: kama ulikuwa 6400 kwa 1/800, teremka hadi 400. Ukiipima kwa 1/1000 umepima kipande cha mpepeso, na mechi nzima itakuwa na rangi ya kipande hicho.

Kioo cha uzio kina adabu yake. Fika mapema, tafuta sehemu isiyo na alama nyeusi za kisahani, ifute upande wako, upige ukikielekea moja kwa moja. Ukipiga kimshazari, picha inalegea na mistari inajirudia kama kivuli. Ivalishe lenzi kofia (ile ya kukinga mwanga, si kifuniko) ya mpira laini, si ya plastiki ngumu: mchezaji akigongwa kwenye uzio, kioo kinapinda na kuisukuma kamera usoni kwako. Kichujio cha polaraizi kiache nyumbani, kinameza mwanga ambao tayari huna. Flashi pia, inarudi kwenye kioo na kumwasha kipa machoni.

Simama karibu na kona, kati ya mstari wa buluu na mstari wa goli. Kwa kuwa timu hubadilishana magoli kila kipindi, kona moja inakupa washambuliaji wa pande zote mbili bila kuhamahama. Lenzi ya 70-200 f/2.8 ni nzuri, lakini asiyekuwa nayo asijute: kutoka kona hiyo, 85 f/1.8 inakupa zaidi ya stopu moja ya mwanga, yaani zaidi ya maradufu, kwa bei nafuu zaidi. Fokasi iwe ya kufuatilia, kwa nukta chache, ielekee nembo ya kifuani. Vyuma vya barakoa huipoteza.

Mechi ikiisha, usikimbilie kwenye chumba chenye joto na kamera mkononi, umande utaingia hadi ndani ya lenzi. Ifungie kwenye begi ukiwa bado barafuni, na isifunguliwe mpaka begi lipate joto la chumba. Kadi itoe kabla ya kufunga zipu, maana wazazi wataanza kudai picha hapo hapo mlangoni.