Usiiuze .22 yako kabla hujaijaribu kwa risasi nyingine

Jumamosi iliyopita shemeji yangu alifika kwangu hapa Columbus, Ohio, na bunduki yake begani, ndani ya begi. Ni Ruger 10/22, bunduki ya risasi ndogo za .22 (namba hiyo ni upana wa risasi kwa inchi), ambayo hata mwaka hajaumaliza nayo. Hata chai hajanywa, akaniambia anaiuza.

"Haipigi, shem. Inatawanya risasi kama mtu anayemwagia kuku mtama."

Alikuwa ameshaweka kando dola mia tisa na ushee za kununua nyingine, nusu otomatiki ya .22 vilevile (yaani inajiwekea risasi inayofuata yenyewe kila ukipiga), ila yenye mtutu mnene na ubao wa kushikia wa madoadoa. Muuzaji wa duka moja ndiye aliyemwonesha, akamhakikishia kwamba nusu otomatiki ya bei ya chini haiwezi kulenga, hata uifanyeje.

Nilikasirika, na ninapoandika haya hasira haijaisha. Shemeji anafanya kazi ghalani, zamu ya usiku, anabeba maboksi mpaka alfajiri. Dola mia tisa kwake ni usiku mwingi sana. Na muuzaji yule, mtu ambaye kazi yake ni bunduki, hakumuuliza swali moja tu ambalo lilipaswa kuja kabla ya mengine yote: unapiga risasi gani?

Mimi nilimuuliza. Akafungua mfuko wa pembeni wa begi, akatoa kopo la plastiki. Ndani kulikuwa na risasi za kila namna zimechanganyika, nyingine zina vichwa vitupu vya kijivu vya madini ya risasi, nyingine zimepakwa shaba, nyingine zina tundu kichwani. Za bei rahisi zote, alizonunua kwa mamia na kuzimimina pamoja. Niliziangalia nikajua bunduki haina kesi.

Wengi wetu tuliotoka nyumbani tuna mazoea haya, na sina moyo wa kumlaumu mtu. Ukipita JKT kule Tanzania unalala chini na SMG, bunduki ya kijeshi, afande yuko juu ya kichwa chako, unapewa risasi zako chache, unapiga, unakusanya maganda, unaondoka. Hakuna anayekuambia kwamba risasi na risasi si kitu kimoja. Risasi ni risasi. Lakini kwenye .22 mazoea hayo ndiyo yanayoharibu kila kitu.

Risasi ya .22 haina kiwashio katikati ya kitako kama zile kubwa. Dawa ya kuwashia imefichwa ndani ya ukingo wa ganda, na pini ya bunduki inauponda ukingo huo ndipo dawa inalipuka. Kiwandani dawa hiyo inatakiwa isambae sawasawa kuzunguka ukingo wote. Isiposambaa vizuri, risasi moja inawaka kwa nguvu, inayofuata inawaka kwa unyonge, na kwenye karatasi ya shabaha unaona moja juu, moja chini, ilhali mkono wako haukutikisika. Mwenye bunduki ya kuwindia kulungu akichoshwa na risasi za dukani anaweza kujaza maganda yake upya nyumbani, akapima baruti punje kwa punje. Mwenye .22 hana nafasi hiyo. Ganda likishapondwa ukingo, limekwisha. Unachokula ni kile kilichopikwa kiwandani siku ile, na ndiyo maana boksi lina namba ya loti, yaani ya mkupuo mmoja wa kiwandani.

Namba hiyo watu wanaitupa pamoja na boksi. Wapigaji wa mashindano hawaitupi. Lapua, kampuni ya risasi, wana kituo huko Marengo, kaskazini ya Columbus, ambako mpigaji anapeleka bunduki yake, inafungwa kwenye mtambo, inapigwa loti moja baada ya nyingine, ananunua ile iliyokubaliana na mtutu wake. Hizo ni bunduki za maelfu ya dola. Kama mtutu wa bei hiyo unachagua risasi, huu wetu wa dola mia tatu utaacha kuchagua kwa sababu gani?

Halafu kuna suala la kasi. Maboksi yanayojaa rafuni yameandikwa kasi kubwa, na mnunuzi anadhani kasi ni ubora. Sauti inasafiri karibu futi 1,125 kwa sekunde. Risasi inayotoka kwenye mtutu juu ya hapo itapunguza mwendo njiani na kuuvuka mpaka huo kabla ya kufika yadi mia, na pale inapouvuka inayumba. Risasi ya CCI Standard Velocity inatoka kwa futi 1,070, tayari iko chini ya mpaka, kwa hiyo haina cha kuvuka. Ila usishuke mno. Kwenye nusu otomatiki nyingi za .22 bolti, kile chuma kinachoziba nyuma ya risasi, haifungwi na kitu, inashikiliwa na uzito wake na springi tu, na msukumo wa ganda ndio unaoirudisha nyuma. Risasi dhaifu kupita kiasi itatoka vizuri na bolti isirudi, ukabaki unaivuta kwa mkono.

Basi tulienda uwanja wa shabaha. Kabla ya kupiga nilishika skrubu ya chini ya ubao, ile moja iliyo mbele ya magazini, ikazunguka kwa vidole. Ilikuwa imelegea kabisa. Tukaikaza. Tukaweka bunduki juu ya begi, nyuma, chini ya kitako, nikasukuma soksi niliyoijaza mchele, yadi 50, upepo mdogo. Kwanza zile za kopo: matundu kumi, nikapima kwa rula kutoka tundu la mbali hadi la mbali, milimita 71. Tukabadilisha aina. Hapa panahitaji subira ambayo shemeji hakuwa nayo. Risasi za .22 zina nta au mafuta juu yake, na mtutu unabaki na ya zile zilizotangulia, kwa hiyo unapiga kama kumi za kuuzoesha, huzihesabu, ndipo unaanza kupima. Aina ya pili, ya kasi kubwa, milimita 48. CCI Standard, 31. SK Standard Plus ya Ujerumani, 27.

Bunduki ile ile, darubini ile ile, mtu yule yule aliyekesha kazini. Kutoka 71 hadi 27 kwa maboksi matatu. Alinyamaza muda mrefu ameshika karatasi mbili, moja kila mkono.

Nimesema matundu kumi, na sitarudi nyuma kwenye hilo. Picha za mtandaoni za matundu matatu yaliyofunikwa na sarafu ya robo dola zimewadanganya watu wengi mno. Ukipiga tatu tatu mara kumi, lazima mojawapo ya karatasi itapendeza, hata kwa bunduki mbovu. Mtu anaipiga picha hiyo, tisa anazikunja. Halafu mwingine kama shemeji yangu anazitazama usiku kwenye simu, analinganisha na kumi zake, anajiona ameibiwa. Piga kumi. Matundu kumi hayana urafiki na mtu.

Kwa hiyo ukiniuliza ununue ipi, jibu langu ni fupi kuliko unavyotaka. Ruger 10/22 iko sokoni tangu 1964, mtutu wake umeshikwa na skrubu mbili tu, siku ukitaka mzuri zaidi unaubadilisha mezani jikoni. Triga yake ya kiwandani, yaani kifyatulio, ni nzito, ndiyo, inataka kidole kivute kama pauni sita, na ile ya BX ya Ruger wenyewe inaiteremsha hadi pauni mbili na robo tatu hivi. Marlin Model 60 iliyotumika, ile yenye bomba la risasi chini ya mtutu, iliyotengenezwa kwa mamilioni tangu 1960, ukiikuta imetunzwa usiiache. Savage A22 ina triga unayoirekebisha mwenyewe bila kununua kitu. Yoyote kati ya hizo. Hela ikibaki, nunua maboksi ya aina nne au tano, na darubini nzuri kiasi, basi.

Najua wapo watakaosema bunduki ya bolti, ile unayoivuta kwa mkono kila risasi, ya bei hiyohiyo inalenga kuliko nusu otomatiki. Kweli, inalenga. CZ 457, ambayo ni ya bolti, itaipita 10/22 ya dukani siku yoyote ya wiki, na kama unakaa mezani tu kutoboa karatasi, nunua hiyo tumalizane. Lakini shemeji anataka kwenda Appleseed, mafunzo ya kulenga shabaha, na pale mita 25 unapewa sekunde 55 za kukaa chini, kupiga risasi kumi na kubadilisha magazini katikati. Usahihi wanaoufundisha ni wa inchi moja kwa umbali huo. Inchi moja! Nusu otomatiki ya dola mia tatu inayolishwa vizuri inaufikia na inabakiza. Na msimu wa kindi hapa Ohio unaanza tarehe 1 Septemba. Kindi akiruka tawi baada ya risasi ya kwanza, ile ya pili unataka iwe tayari jicho lako likiwa bado kwenye darubini.

Na hili nalisema kwa ndugu zangu wote walio huku, kwa upendo kabisa. Mwenye makaazi ya kudumu anaruhusiwa kununua. Mwenye viza ya masomo au ya kazi, sheria ya shirikisho kwa kawaida inamkataza hata kuimiliki, isipokuwa kwa vigezo vichache kama leseni halali ya uwindaji. Fomu 4473, ile unayojaza dukani ukinunua bunduki, inauliza swali hilo waziwazi na ukidanganya ni jinai. Usimsikilize rafiki anayekuambia "jaza tu". Na nyumbani kwenye watoto, bunduki inakaa kwenye kabati la chuma lenye kufuli, risasi mahali pengine. Ndogo ndogo hiyo ya .22 inaua mtu.

Kabla hatujaondoka uwanjani shemeji aliomba kalamu. Akakata kipande cha plasta nyeupe, akaandika namba ya loti ya CCI, kwa sababu ile ya Ujerumani bei yake mara mbili na zaidi na tofauti ni milimita nne, akaibandika ndani ya kifuniko cha begi. Akaniuliza kama duka linaweza kuwa bado na loti hiyo. Nikamwambia awahi, huwa hazikai.

Jana jioni, kabla ya zamu, amenitumia picha. Maboksi kumi juu ya kiti cha gari, ameyapanga ubavu ili namba isomeke, na ni ile ile.