Hata siki inaua bakteria

Wiki hii nimetumiwa picha ileile mara tatu: sahani ya petri (kisahani cha maabara cha kuoteshea vijidudu), bakteria wametanda kote kama utando wa maziwa, na kikaratasi kilichochovywa dawa ya majani kimezungukwa na duara safi, lisilo na bakteria. Chini yake: "Mmea washinda antibiotiki!" Haya, hongereni. Siki nayo huchora duara kama hilo.

Duara hilo nalijua, limewahi kuniaibisha. Nikiwa mwanafunzi niliroweka unga wa majani kwenye ethanoli, yaani spiriti, nikachuja, nikadondoshea vikaratasi, nikavipanga juu ya bakteria aitwaye Staphylococcus aureus, nikaenda kulala. Asubuhi, duara! Nikaanza kuota tuzo. Msimamizi wangu hakuinama hata kulitazama. "Kikaratasi cha ethanoli tupu kiko wapi?" Sikuwa nacho. Niliporudia jaribio nikakiweka, nacho kikatoa duara, karibu sawa na la majani. Vikaratasi sikuwa nimevikausha. Muda wote huo nilikuwa napima spiriti.

Na hata ukivikausha, upana wa duara si ukali wa dawa. Unaonyesha pia jinsi kitu kinavyosambaa ndani ya agari, ile jeli wanamoota bakteria. Molekuli kubwa hujikokota, hata iwe kali namna gani. Cha kuuliza ni kiwango kidogo kabisa kinachozuia bakteria kukua. Antibiotiki nzuri huhitaji mikrogramu chache kwa mililita. Makala ngapi za mimea zinatamba kwa miligramu, mara elfu zaidi? Kiasi hicho utakifikishaje kwenye damu ya mtu bila kumuua kabla ya bakteria? Tanini, kemikali chungu za mimea, kwa mfano, hung'ang'ania protini yoyote inayokutana nayo, ya bakteria na yako wewe. Seli za binadamu hazijaribiwi, lakini kichwa cha habari tayari kipo.

Tafadhali msiniletee artemisinini, dawa ile iliyotoka kwenye mmea. Ile ni ya malaria, na malaria haisababishwi na bakteria.

Sawa, shingo upande nakubali: mimea ina ujanja. Mwaka 2000 watafiti walionyesha kwamba mimea ya Berberis hutengeneza beberini, kemikali ya kupambana na bakteria, ambayo S. aureus huitapika nje kwa pampu zake, na mimea hiyohiyo hutengeneza molekuli ya pili inayoziba pampu hizo. Ile ya pili peke yake haiui kitu. Kwenye sahani isingetoa duara lolote, na mpiga picha wetu angeitupa.

Picha ya nne ikija, basi iwe na kikaratasi cha ethanoli tupu pembeni.