Konekta ya soketi ikae ukutani au ielee hewani?

Fungua famili (vifaa vilivyochorwa tayari) za soketi za Revit, ile programu ya kuchora modeli za majengo, zile tunazopeana kwa flashi, utakuta ziko za aina mbili. Kuna ambazo konekta, yaani ile nukta ambayo waya au bomba linaungia kwenye kifaa, iko ukutani palepale boksi lilipo, na kuna ambazo konekta inaelea hewani nusu mita mbele ya ukuta, haijashikwa na kitu. Mgeni akiiona hiyo ya pili atasema aliyeichora alikuwa anasinzia. Wapi, alikuwa na akili zake timamu.

Shida ni waya. Kwenye plani Revit inachora waya mpaka kwenye konekta, haijali alama ya soketi imeishia wapi. Sasa alama ya milimita 5 kwenye karatasi, kwa skeli ya 1:100, ni sawa na milimita 500 za jengo, na soketi yenyewe ya kweli bamba lake ni milimita 86 tu limelala ukutani, kwa hiyo waya unaipasua alama katikati kwenda kugonga ukuta, zidisha hapo mara soketi hamsini uone huo utando wa buibui. Ukiisogeza konekta mpaka ukingoni mwa alama mchoro unatulia. Na tusidanganyane, fundi saiti anasoma karatasi, modeli hata haioni.

Ila ujanja huo unakubali skeli moja tu. Toa plani hiyohiyo kwa 1:50, alama inakuwa milimita 250 na konekta bado iko 500, waya unaishia sakafuni katikati ya chumba.

Wanaotaka konekta ibaki ukutani wanakuja na hoja ya urefu: programu inapima urefu wa sakiti kwa kufuata konekta, urefu ndo unaingia kwenye hesabu ya kushuka kwa volteji, na BS 7671, kanuni za Uingereza za kufunga umeme, inataka isizidi asilimia 3 kwa taa na 5 kwa matumizi mengine. Hoja ni ya kweli lakini mi naona wanaikuza. Soketi kumi za ukuta mmoja zikisogea zote upande mmoja, umbali kati yao haujabadilika hata sentimita, kilichobadilika ni kile kipande cha kutoka kwenye DB (boksi la kugawia umeme), nusu mita hivi, na waya wa akiba anaouacha fundi kwenye maboksi unaimeza hiyo bila shida.

Wanaponishinda kabisa ni kwenye mabomba na paipu za kupitishia waya. Hapo konekta ndo inaamua bomba linaanzia wapi, hakuna cha alama wala skeli. Kuna mradi tulipakua beseni la kunawia, aliyelitengeneza alichagua uso wa chini akaweka konekta ya maji machafu, na Revit ukiweka kwa uso inaibandika katikati ya uso huo, wakati tundu la beseni lenyewe liko nyuma kidogo karibu na ukuta. Kwenye skrini hakuna aliyegundua. Slabu imeshatobolewa ndo fundi bomba anapiga simu.

Kwa hiyo kwangu hizi ni konekta mbili zenye kazi tofauti, ya umeme iufuate mchoro, ya paipu ikae kwenye tundu la boksi la milimita 20. Najua nitaambiwa naongeza uzito wa faili, na kwa nyumba ya kawaida ambayo hakuna anayechora paipu za waya sina ubishi, weka ya umeme peke yake uendelee.

Famili zangu konekta ya umeme inakaa kwenye kipande chembamba kisichoonekana, chenye parameta ya umbali. Parameta nimeipa jina refu kabisa la USIIRUDISHE UKUTANI, maana aliyepokea faili kabla sijaweka hilo jina aliona konekta inaelea, akanihurumia, akazirekebisha zote.