Raspberry Pi Isikilize Alamu, Isiiamuru

Ukishafanikiwa kuwasha taa kwa mistari mitatu ya programu ya Python kwenye Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, kila waya ndani ya nyumba unaanza kukuita. Mimi uliniita wa alamu. Nikang'oa ukutani paneli yote, yaani boksi linaloongoza alamu, nikafunga swichi za sumaku za milango moja kwa moja kwenye pini za Raspberry Pi (vijiti vyake vya kuunganishia nyaya), nikaandika programu ya kupiga king'ora na kunitumia ujumbe kwenye simu. Ilifanya kazi kwa miezi, nami nilijivuna sana.

Kisha umeme ukakatika usiku mmoja, ukarudi, na kadi ya SD, inayohifadhi programu zake zote, ikawa imeharibika. Kompyuta haikuwaka. Niligundua siku ya nne, nilipofungua mlango wa nyuma na simu ikanyamaza. Siku nne familia yangu ililala ikiamini inalindwa.

Tangu hapo paneli imerudi ukutani, nami nina msimamo ambao wenzangu wengi wa fani hii hawaupendi: uamuzi wa kupiga king'ora ubaki kwenye paneli. Raspberry Pi iwe sikio, na iwe mdomo wa kupeleka habari. Basi.

Sidharau kompyuta hii. Nyumbani ninazo tatu. Lakini paneli ya kawaida ina programu moja ndogo, inawaka papo hapo, na ndani ya boksi lake kuna betri ya volti 12 inayoishikilia umeme ukizimika. Ina pia jambo ambalo wengi hatulioni mpaka tuchelewe: rezista, kijisehemu cha kuzuia mkondo wa umeme, inayofungwa mwisho wa kila mstari wa vihisi. Kwa kupima ukinzani, paneli hutofautisha mlango uliofungwa na nyaya zilizounganishwa kwa hila. Swichi iliyofungwa tupu kwenye pini inajua kufunga na kufungua tu. Mtu akizigusanisha nyaya mbili za swichi ile, kompyuta itaendelea kuamini mlango umefungwa hata ukiwa wazi kabisa.

Kwa sababu hiyohiyo sishauri kudonoa nyaya za vihisi ili Raspberry Pi nayo isome. Ukiongeza chochote pale unabadilisha ule ukinzani paneli inaoupima, na unaweza kuipofusha bila kujua. Tumia ishara ambazo paneli yenyewe inazitoa. Paneli nyingi zina vituo vya ziada vya kutolea ishara unavyoweza kuvipangia kazi: kimoja kiwake alamu inapolia, kingine mfumo unapowekwa katika ulinzi. Habari hizo mbili zinatosha kwa mengi kuliko unavyodhani.

Hapa sasa ndipo watu huunguza vifaa. Pini za Raspberry Pi ni za volti 3.3, hata volti 5 hazizihimili, na paneli inafanya kazi kwa 12. Weka optokapla katikati, kifaa kinachopitisha ishara kwa mwanga. Upande wa paneli kuna taa ndogo ndani ya kifaa hicho. Rezista ya kilo-omu 2.2 inaipunguzia mkondo hadi takriban miliampea 5. Upande wa pili transista, swichi ndogo ya kielektroniki, inaiona taa ile na kuishusha pini hadi sifuri. Habari inavuka kwa mwanga, hakuna waya unaogusana na mwenzake, na hitilafu ya upande mmoja haihamii upande mwingine. Kifaa chenyewe ni kidogo kuliko ukucha, na sioni sababu yoyote ya kukiacha.

Programu ni sehemu rahisi, sitaichosha makala nayo. Ninatumia MQTT, utaratibu wa vifaa kutumiana ujumbe mfupi, kupeleka habari kwa Home Assistant, programu ya kusimamia vifaa vya nyumbani, kwa njia iliyosimbwa kwenye mlango wa mtandao (port) namba 8883. Ule 1883 wa kawaida hupeleka kila kitu wazi.

Ninaloombwa mara nyingi ni kuzima alamu kwa simu kupitia kompyuta hii. Nimekataa kwangu, na nakusihi ukatae kwako. Siku atakayeingia kwenye kompyuta yako ni mtu mwingine, atajua ulipotoka na uliporudi, na hilo ni baya vya kutosha. Usimwongezee na ufunguo.

Ile siku ya nne haijanitoka moyoni, kwa hiyo nimegeuza maana ya ukimya. Kila dakika 5 Raspberry Pi hutuma ishara kwa seva iliyo nje ya nyumba. Ishara mbili zikikosekana mfululizo, seva ndiyo inayonitafuta. Na kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi ninachomoa waya wa umeme wa Raspberry Pi bila kumwambia mtu, kisha naketi na simu mkononi. Mara ya mwisho ujumbe ulifika dakika ya kumi na moja, na paneli ukutani iliendelea na ulinzi kana kwamba hakuna kilichotokea.